Fuvu la Mtu Aliye Hai

Watu wakiniuliza sanaa yangu ilianzia wapi, hutarajia nitaje chuo. Nitakitaja, kwa sababu nilikipata kwa jasho langu, na diploma nimeitundika ukutani penye mwangaza ili anayeingia asisumbuke kuuliza. Lakini chuo kilinifundisha mkono tu. Fikra yenyewe, ile ninayoitetea mpaka leo mbele ya vijana wanaotaka kuwa wachoraji, ilijaribiwa nyumbani kwetu Wusi, mwaka niliorudi kutoka Uingereza, na ilijaribiwa na baba yangu mzazi.

Nilianza bila chochote. Kabla ya kuondoka nilikuwa Voi, naandika majina ya maduka na kuchora milango ya malori. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, lori lililopita kati ya Voi na Taveta likiwa na simba, tai au ua la waridi mlangoni, mchoro huo ulikuwa wangu. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na makopo ya rangi iliyobaki kwenye mabehewa na brashi nilizotengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Wenzangu walioanza nami waliridhika na simba. Mimi sikuridhika, ndiyo maana wao hawakuvuka bahari na mimi nikavuka.

Mji niliosomea ulikuwa wa viwanda, wenye moshi na mvua isiyo na nguvu wala mwisho. Mama aliyenipangisha chumba alikuwa mtu wa adabu, lakini kila nilipotoka alifuta kitasa cha mlango nilichoshika. Alifanya hivyo kwa upole, kama mtu anayepangusa vumbi. Nilikwenda darasani nikiwa na kile kitasa kifuani.

Darasani mwalimu wetu, mzee mwenye kikohozi, aliweka fuvu la mtu mezani, akatuambia kwamba hakuna atakayechora uso kabla hajalijua hilo. Muhula mzima tulilichora. Tulilichora kwa mbele, kwa ubavu, kwa chini, mpaka nikawa naliona nikifumba macho. Siku moja mwanafunzi mmoja aliuliza kama ni la Mzungu au la Mwafrika. Mwalimu akaligeuza polepole mkononi, akasema, "Niambieni ninyi." Wenzangu wakainamia karatasi zao. Mimi peke yangu nilicheka, na nilicheka kwa nguvu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashika kile kitasa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoipata imani yangu ya kazi: ngozi ni habari ya mwisho. Anza na mfupa, pandisha juu yake nyama, kisha ngozi, kisha mwanga. Anayeanza na ngozi huchora nguo iliyotundikwa. Nimeona picha nyingi za watu wetu zilizochorwa na wageni, zote zimeanza na ngozi, na nyingine zimeishia hapohapo.

Nilirudi Voi nikapanga chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka walioapa kuipinga. Treni zilipita zimefungwa madirisha zikielekea kambi ya wafungwa ya Manyani, na tulijifunza kutozitazama. Wiki ya kwanza askari kanzu wawili waliingia chumbani mwangu, wakakuta ukuta umejaa mafuvu ya makaa. Mmoja akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Hiki ni kiapo cha wapi?" akaniuliza.

"Ni masomo, afande."

"Masomo ya kuua nani?"

Nikamwonyesha diploma. Aliisoma juu chini, akaishika mwelekeo mwingine, kisha akasema, "Haya, bwana msomi, lakini hivi vichwa vigeuze viangalie ukuta." Waliondoka. Sikuvigeuza. Hao hawakuwa watu wetu. Kama wangekuwa watu wa milimani kwetu wasingeuliza habari ya kiapo. Wangeuliza swali lingine, na laiti ningeulizwa mapema.

Nilikuwa nimealikwa kuonyesha kazi zangu Nairobi. Wachoraji walioalikwa walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika nilikuwa mimi peke yangu. Niliamua kwamba picha yangu kubwa itakuwa ya baba yangu. Nikapanda lori hadi Mwatate, kisha lingine la kupanda milima, nikafika Wusi na karatasi zangu zimeviringishwa ndani ya turubai ukungu usije ukazilowesha.

Baba alifurahi. Alikuwa mzee mrefu, mkuu wa ukoo wetu, ambaye hakubatizwa hata mama alipobatizwa. Aliketi kwenye kigoda uani, karibu na migomba, akaweka mikono juu ya fimbo yake akauliza, "Nisipumue?"

"Pumua, Baba. Mimi si yule mpiga picha wa Mombasa."

"Yule alilipua moshi. Wewe unalipua nini?"

Nilichora tangu umande ulipokauka. Kichwa cha baba kilikuwa zawadi kwa mtu wa kazi yangu: paji pana, mashimo marefu penye panja, taya iliyoingia upande wa kushoto ambako meno yalikuwa yameng'oka. Sikuchora macho. Sikuchora midomo. Nilitafuta mfupa, na niliupata. Jioni nilikuwa na karatasi ambayo ningeweza kuiweka mbele ya yule mwalimu wangu mwenye kikohozi bila kuomba radhi. Sikuwahi kufanya mchoro bora kuliko ule kabla yake, na nimefanya michache tu baada yake. Niliufunika kwa kitambaa mezani, nikisubiri kesho nianze kuuvika nyama kwenye karatasi ya pili.

Kaka yangu alikuja jioni hiyo kutoka kikao cha wazee wa kanisa. Yeye ndiye kifungua mimba wetu. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa tai na baiskeli, na aliniita Bwana Diploma tangu siku niliposhuka garini. Akainua kitambaa.

"Hiki nini?"

"Ni Baba," nikasema, tena kwa majivuno.

Alikiachilia kitambaa kikaanguka sakafuni. "Baba yuko nje anakunywa uji. Hiki nini?"

"Ndivyo tunavyoanza, kaka. Ni fuvu lake. Kesho nitampa uso."

"Umemtoa kichwa," akasema. Hakuwa akinipigia kelele. "Mzee hajafa, na wewe, mtoto wa pili, umekwisha kumtoa kichwa. Huko Uingereza walikufundisha kuharakia urithi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na ilikuwa kama kukanyaga ngazi isiyokuwapo. Inanibidi nieleze kwa msomaji asiye wa kwetu. Zamani, na kwa wazee wachache hata katika miaka ile, mtu mzima akifa alizikwa, na baada ya mwaka au zaidi, mwili ukishakuwa udongo, mwanawe wa kwanza alifukua kichwa chake. Kilioshwa, kikachinjiwa, kikapelekwa ngomenyi, yaani pango la ukoo, kikaketishwa safu moja na vya baba zake, vyote vikitazama nje. Anayetoa kichwa ndiye anayechukua nafasi ya baba. Hakuna anayekitoa kabla ya wakati, na hakuna wa pili anayekitoa wakati wa kwanza yupo. Haya nilikuwa nayajua tangu utotoni. Nilikwenda Uingereza nikayaweka chumba kimoja, na fuvu la mezani nikaliweka chumba kingine, na haikunipitia akilini kwamba vyumba hivyo vina ukuta mmoja.

"Mbona wewe unachukia?" nikamjibu, maana sikuzoea kushindwa kwa maneno. "Wewe ni mzee wa kanisa. Uliapa mbele ya padre kwamba hutagusa mifupa ya mtu. Nafasi unayonilaumu kuichukua uliiacha mwenyewe."

"Niliiacha. Sikukupa wewe."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na kata ya uji. Sijui alisikia tangu wapi. Akaja mezani, akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Akagusa kwa kidole pale taya ilipoingia, kisha akagusa taya yake. Halafu akatoka nje, na hakunena nami tena.

Siku ya pili hakunena. Siku zilizofuata alikula peke yake. Nilimwomba aketi tena nimalize uso, akanipita kama mtu anavyoupita mti. Mama, ambaye alishika biblia yake kila asubuhi, alinivuta nyuma ya jiko.

"Ana neno moyoni juu yako," akasema. "Mpaka alitoe kwa mdomo, halitakuacha. Usinitazame hivyo. Biblia ninaijua, na baba yako ninamjua."

Alikuwa akisema juu ya kutasa. Kwetu hasira ya mzazi iliyokaa kifuani haikai bure. Humwandama aliyekasirikiwa hata kama mwenye hasira hataki. Dawa yake ni mzee kuvuta funda la pombe ya miwa, kulipuliza nje kama mvua ndogo, na kuitamka ile hasira ili itoke. Nilimwambia mama kwamba mimi ni mtu wa kisasa. Nikarudi Voi na zile karatasi, nikasema nitamalizia kwa kumbukumbu.

Sisemi kwamba niliamini. Nasema brashi haikushika. Mimi, niliyechora simba kwenye mlango wa lori linalotetemeka injini ikiwaka, nilikaa chumbani na joto la Voi siku baada ya siku nikishindwa kupandisha nyama kwenye mfupa nilioujua. Kila shavu nililoweka lilionekana kama la mtu aliyelala. Nilichora macho, yakawa macho yaliyofungwa na mtu mwingine. Siku ya maonyesho ilikuwa inakaribia. Nilijiambia ni uchovu. Nilijiambia ni karatasi mbovu ya Nairobi. Mwishowe nikafunga mizigo nikapanda tena milima, na najivunia hilo, kwa sababu watu wengi wenye vyeti vidogo kuliko changu wangeona aibu.

Baba alikuwa shambani akipalilia viazi. Hakuacha jembe.

"Kwasinda, Baba," nikamwamkia.

Akaitikia. Kisha, bila kuinua uso, akauliza, "Kaka yako hatakigusa kichwa changu. Je, wewe?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi juu ya sanaa. Hakuna hata moja lililofaa hapo.

"Hapana, Baba. Sitafukua kaburi."

"Basi ulikitolea nini?"

"Ili nikuchore vizuri. Kule walinifundisha kwamba mifupa ya watu wote ni mamoja. Mzungu, Mhindi, mimi, wewe. Hilo lilinisaidia sana kule, Baba. Huwezi kujua."

Aliegemea jembe. "Lilikusaidia. Sawa. Lakini mimi nilimbeba baba yangu kwa mikono hii, na sikubeba mtu yeyote yule. Nilimbeba yeye." Akatema mate pembeni. "Nasikia nitawekwa sementi juu, kanisani. Kaka yako amekwisha kuniambia. Nitakaa peke yangu na sementi. Wale wa pangoni watakuwa wanatazama nje, nafasi yangu tupu."

Nilikuwa nikidhani hasira yake ni juu ya karatasi. Kumbe karatasi ilikuwa imemwonyesha kitu ambacho hakutarajia kukiona tena: kichwa chake kimetolewa, na mwanawe amekishika.

"Nipe ile karatasi," akasema. "Nitaipeleka mwenyewe. Nitaiweka pale pangu."

"Mchwa wataila, Baba. Msimu mmoja tu."

"Na mimi wataniacha?" Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Meno machache aliyobaki nayo yalikuwa meupe sana.

Hapo ndipo kiburi changu kilipoongea kabla yangu. Mchoro bora wa maisha yangu uwe chakula cha mchwa? "Kama ni kuwekwa kule," nikasema, "nitachora juu ya jiwe lenyewe. Kazi ya kudumu." Nilipokwisha kusema niligundua kwamba nimekubali kumweka Baba pangoni, jambo ambalo dakika ile tu nilikuwa nimelikataa.

Tulikwenda asubuhi, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na makopo. Pango letu liko chini ya mwamba mkubwa juu ya kijito, na njia yake ilikuwa imeanza kufungwa na magugu. Ukungu ulikuwa umekaa chini. Tulipofika juu tulitoka ndani yake, na mlima Kasigau ulionekana mbali umesimama peke yake kama kisiwa. Ndani ya pango wazee wetu walikuwa wamekaa safu yao. Sikuwa nimeingia tangu nibatizwe. Niliwatazama kwa jicho la darasani, nikatafuta mfupa wa panja, mfupa wa shavu, nikijaribu kuona kitu kilekile nilichokiona juu ya meza ya yule mwalimu. Nilikiona. Lakini baba alikuwa akiwaamkia mmoja mmoja, akimwita kila mmoja kwa jina lake.

Kisha akainama, akapangusa mahali patupu mwisho wa safu, akaketi. Aliketi chini, mgongo kwenye mwamba, kichwa sambamba na vya wale, akatazama nje.

"Chora," akasema.

Nilichora juu ya mwamba ubavuni mwake, kwa mkaa na udongo mwekundu niliousaga na mafuta. Mkono wangu ulikwenda. Sikuweza kutazama safu nzima kwa pamoja. Nilimtazama yeye peke yake, nikishusha macho kila aliposogeza shingo, maana kusogea kwake ndiko kulikonitisha. Mara moja aliuliza kama napata taya. Nikasema naipata.

Nilipomaliza alisimama kwa shida, akatazama kazi yangu. Hakusifu. Alitoa kibuyu, akavuta funda, akapuliza juu ya mwamba, kisha akageuka akapuliza juu yangu, usoni, kifuani. Akasema, "Nilikuwa na neno juu ya mwanangu huyu. Limetoka. Atulie, mkono wake utulie." Nilisimama pale nimelowa pombe, mwenye diploma, na sikupangusa.

Picha ya Nairobi niliimaliza kwa siku chache. Ilisifiwa. Bwana mmoja aliyejiona mjuzi alisema nimeiga wachoraji wa Ulaya. Mwingine, palepale, alisema nimechora kwa damu ya kiasili. Niliwaacha wabishane. Hawakujua wanasema nini, wala mimi sikujua tena kama nilichokuwa nikikiamini darasani kilikuwa kweli yote. Nilikuwa nikisema mfupa ni mmoja. Nilikuwa bado nasema. Lakini sauti yangu nikisema hivyo ilikuwa imepata ufa.

Baba alifariki kabla ya miaka ile ya hamsini kwisha. Kaka alimzika kanisani, kwa nyimbo nzuri, akaweka sementi kama alivyoahidi. Sikumlaumu. Sikupanda pangoni pia. Nilikuwa na kazi nyingi, jina langu limepanda, na niliogopa kukuta jiwe limefutika.

Alasiri moja kaka alitokea Voi. Alisimama mlangoni pa chumba changu na tai yake, vumbi hadi magotini, akakataa chai.

"Maji yanaingia pale," akasema.

"Pale wapi?"

"Usinifanye mtoto, Bwana Diploma. Mvua hii imepenya juu ya mwamba. Nusu ya uso imeteremka. Lete rangi yako."

Nilimtazama. Mzee wa kanisa, aliyeapa. "Umeingia?"

"Nilipita. Nilisimama nje."

"Ukiwa nje huoni ubavu ule, kaka."

Akarekebisha tai yake. Halafu akasema, "Funga mlango wako twende."

Tulifika kesho yake. Maji yalikuwa yamechukua taya yote na shavu la kushoto; paji lilibaki. Nilifungua makopo nikaanza kupima, na hapo nikagundua tatizo. Ule mchoro wa karatasi ulikuwa umenunuliwa Nairobi pamoja na picha kubwa, na mimi, niliyesema naliona fuvu hata nikifumba macho, nilikuwa namkumbuka baba akicheka, akipalilia, akipumua. Mfupa wa chini yake sikuuona. Niliweka mstari.

"Haikuwa hivyo," kaka akasema. Sasa alikuwa ameingia ndani.

"Ilikuwa hivyo. Upande huu hakuwa na meno."

"Meno hakuwa nayo, lakini taya ilitokeza chini. Wewe ulikuwa mbali. Mimi ndiye niliyemnyoa alipokuwa mgonjwa. Mkono wangu unaijua."

"Nionyeshe basi."

Alijaribu hewani kwa vidole, haikusaidia. Tulibishana, yeye akifuta kwa kitambaa, mimi nikirudisha, sauti zetu zikigonga mwamba mbele ya wazee wale wote. Mwisho akavua kofia. "Watu wote husema nimechukua taya yake," akasema. Akatazama nje kama kuna mtu anayekuja. Kisha akakunja suruali magotini ili isichafuke, akajishusha polepole mahali patupu mwisho wa safu, mgongo kwenye mwamba.

"Fanya upesi," akasema. "Nina kikao saa tisa."

Nilianza na mfupa. Taya yake haikutulia, na sikumwambia atulie. Kilichotoka kwenye jiwe hakikuwa baba kamili, wala hakikuwa kaka. Nilimwambia hivyo.

"Kiache hivyohivyo," akasema. "Usiongeze kitu."